Kitambaa Chekundu cha Mezani kwa Chifu

Ijumaa, 6 Desemba 1963
Nimekunja pindo za suruali tatu kabla ya chai. Kisha askari wa chifu akaja hapa barazani, Keumbu sokoni. Chifu anataka bendera mpya, kubwa, ya kupandishwa kambini kwake Alhamisi, siku ya Uhuru. Nimesema nitajibu. Huyu ndiye chifu aliyempeleka mume wangu Ombati jela miezi sita kwa kukataa kuchimba matuta ya serikali. Namchukia. Jua linashuka. Nafunika cherehani. Sabato.

Jumapili, 8 Desemba
Jana kanisani sikusikia mahubiri. Leo nimemwambia Ombati. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe, wala hakuacha.
"Shona, Mama Moraa. Hiyo bendera si yake."
Nimeanza na kitambaa cheusi.

Jumatatu, 9 Desemba
Chekundu hakuna. Nimekwenda Kisii mjini, duka kwa duka. Kila mtu anashona bendera. Mhindi mmoja alinitolea cha rangi ya waridi. Nilicheka, naye akacheka. Nimerudi kwa miguu, mvua kichwani, mikono mitupu. Naogopa. Nisipomaliza watasema mke wa Ombati amekataa kusudi.

Jumanne, 10 Desemba
Asubuhi nikakumbuka meza ya chifu. Hutandikwa kitambaa chekundu, kizito. Ombati alisimama mbele ya meza hiyo siku aliyokamatwa. Nilikuwa mlangoni, nimembeba Moraa mgongoni.
Nimekwenda mwenyewe. Nikamwambia chekundu kilichobaki ni hicho tu.
"Hicho ni cha serikali," akasema.
"Na bendera ni ya serikali, chifu."
Akaondoa faili, wino, kofia yake. Akakivuta mwenyewe, akakikunja vizuri, akanipa. Meza yenyewe imeliwa na mchwa. Nimecheka njia nzima.

Jumatano, 11 Desemba
Nimeshona tangu alfajiri. Mama mkwe ameshika ncha isiguse vumbi. Anaimba. Ngao imeelekea kushoto kidogo. Basi.

Alhamisi, 12 Desemba
Imepanda. Watu walijaa mpaka barabarani. Kamba ilimkwama askari, wazee wakamwita Ombati. Hakuwa amekanyaga pale tangu atoke jela. Akaikwamua, akavuta polepole, bendera ikafunguka. Sikujua nina vigelegele vingi hivyo. Sauti imekwisha.
Chifu alipiga saluti, kisha akamnyooshea Ombati mkono. Ombati aliutazama. Akaushika. Mimi nisingeushika. Lakini nilifurahi, sijui kwa nini. Tumecheza kwenye matope, mama mkwe naye, viatu mkononi.

Ijumaa, 13 Desemba
Kimya. Wateja hakuna, soko zima limelala. Ombati amepeleka ng'ombe mtoni, akapita katikati ya kambi. Ndiyo njia fupi. Miaka yote hii alikuwa akizunguka kwa nyuma, kwenye migomba ya watu. Amechelewa vilevile. Anasema ng'ombe walisimama kula nyasi za chifu, naye akawangoja mpaka wakashiba.