Mizani ya Dukani kwa Mjomba

Mjomba wangu,

Sisi wazima, na mama anakusalimu. Gazetini nilianzia matangazo ya vifo, nikapelekwa kuandika kesi za mahakamani, sasa habari zangu hutoka ukurasa wa kwanza. Yule mhariri aliyedai Mhindi kama mimi ataandika Kiswahili cha dukani, siku hizi hunipa habari za wenzangu nizinyooshe. Na kusoma nilijifunzia dukani kwako, kwenye magazeti uliyofungia misumari.

Wiki hii naandika kuhusu mizani zilizochezewa. Wakaguzi wametaja maduka sita, na lako limo. Mhariri alitaka kuliondoa kwa ajili yangu, nikakataa. Lakini kazini kwetu anayetajwa huulizwa kwanza, kwa hiyo nakuuliza: ulijua? Nijibu kabla ya Ijumaa, nitaliandika jibu lako neno kwa neno.

Utotoni mimi ndiye niliyewapimia wateja misumari. Hilo nimeshaliandika kwenye habari hiyo.

Mpwa wako