Gari Lilifika Tupu

5 Septemba

Wifi yangu Mama Mapacha,

“Mume wangu hakumwagiza mtu yeyote, kwa hiyo hana sababu ya kujiuzulu.”

Maneno hayo ni yako. Uliwaambia waandishi jana getini kwenu, nami nikayasikia redioni nikiwa napiga pasi. Nimeunguza kola. Nitayajibu, lakini tusikose adabu: hujambo? Mapacha hawajambo? Na kaka yangu, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri.

Haya, tuzungumze. Karakana za makochi ziliposhika moto, gari la zimamoto lilifika upesi, hilo sina ubishi nalo. Vijana wakakunjua mpira, wakafungua, yakatoka matone. Tangi lilikuwa tupu kwa sababu asubuhi ile maji yake yote yalimwagwa kwenye matangi ya nyumbani kwenu. Majirani waliliona gari, na kaka, kama meya wa mji huu, amekiri kwamba lilifika kwake. Anachosema, nawe unamwitikia, ni kwamba hakuagiza.

Nilikwenda hospitali kumwona yule fundi aliyerudi ndani kuchukua cherehani yake. Mikono yote miwili imefungwa bandeji, mkewe anamlisha kwa kijiko. Nikamuuliza kama ana neno kwa meya. Akaniambia, “Mwambie nilisikia king’ora, ndiyo maana nikarudi ndani. Nilijua maji yamefika.”

Sasa huyo akamdai nani, wifi? Hewa? Unasema hakuna aliyeagiza, na unadhani umemtetea. Kama gari la mji mzima linaweza kwenda kujaza matangi ya mtu mmoja bila hata kuagizwa, basi cheo chake kinatoa amri hata akiwa amelala. Mtu mwenye cheo cha namna hiyo hakitawali, kinamtawala yeye. Mwambie aachie ngazi kabla hajasukumwa.

Wifi yako,
Pilipili

12 Septemba

Wifi yangu Pilipili,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni mpaka chai ikapoa. Sisi hatujambo kwa kujikaza. Mapacha hawataki kwenda shule, wenzao wanawaita watoto wa tangi. Kikohozi cha kaka yako sasa kimehamia kwangu. Pole na mgongo. Ungeacha kugombana na dunia nzima, ungepona.

Unaniandikia kana kwamba umepanda jukwaani. Mimi ni wifi yako, si mkutano wa hadhara. Na usisahau, hilo gazeti lako lisingekupa ukurasa mzima kila wiki kama usingekuwa dada wa meya.

Meya aliyetangulia aliuza uwanja wa michezo wa watoto na leo anaitwa kukata utepe kila mahali. Nani alimwambia ajiuzulu? Kaka yako akiondoka, watu watasema amekiri. Mtu asiye na hatia hakimbii. Na hii nyumba si yetu, ni ya mji. Siku atakayotoka ofisini, mimi natoka na masufuria yangu na watoto wawili, niende wapi?

Isitoshe, dereva wa lile gari amesimamishwa kazi, na baraza litamwita. Aliyekosa amepatikana. Wewe unataka nini tena, tukatwe vichwa?

Wifi yako,
Mama Mapacha

14 Septemba

Wifi yangu,

Pole na kikohozi, kunywa vitu vya moto. Wabusu mapacha, waambie shangazi yao aliitwa majina mabaya zaidi na bado anakula.

Kuhusu gazeti, huenda ni kweli. Siku kaka akiachia ngazi nitajua kama naweza kuandika. Hiyo nayo ni faida.

Dereva nimezungumza naye. Anakaa chumba kimoja na familia yake nyuma ya stendi, hakunificha kitu. Anasema mkuu wa kituo cha zimamoto alimwambia, “Kwa meya hakuna maji, wahi.” Nikaenda kwa mkuu wa kituo. Huyo anaapa kwamba meya hakumpigia simu wala kumtuma mtu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimemwamini mkubwa wa ofisi.

Basi nakuuliza swali moja tu. Nani alimwambia kwamba kwenu hakuna maji?

Wifi yako,
Pilipili

10 Oktoba

Wifi,

Hujambo? Nisamehe kwa ukimya. Kila nikishika kalamu, swali lako linanitazama.

Ni mimi.

Mkuu wa kituo alipiga simu mapema asubuhi kumtafuta kaka yako kwa ajili ya mambo ya mkutano. Kaka yako alikuwa anaoga, kwa maji ya ndoo ya mwisho. Mkuu akaniuliza, “Mama, habari za nyumbani?” Nikamjibu, “Salama, ila bomba limekauka tangu jana, sijui hata nitafulia nini.” Ni hayo tu. Si ndivyo watu wote wanavyojibu? Baada ya muda kidogo nikasikia gari getini. Lilikuwa jekundu, wifi, nililiona. Nikawafungulia. Nikawapa chai.

Nilikaa na jambo hilo nikiamini kwamba siku ile yeye hakujua lolote. Nilimtetea getini nikiamini namtetea asiyejua. Jana mezani nikashindwa, nikamwambia yote. Aliendelea kula. Kisha akasema, “Siku ile nilitoka kwenye moto nanuka moshi. Niliwaona vijana wameshika mpira usiotoa maji. Nikarudi nyumbani, nikafungua bomba la bafuni, maji yakatoka kwa nguvu. Nikaona bora nisikuulize.” Akaniomba chumvi.

Anataka tunyamaze. Alhamisi baraza linamwita dereva. Anasema likishamfukuza, habari itapoa, na baadaye atamtafutia kazi sehemu nyingine. Nikisema, nimemmaliza mume wangu. Nikinyamaza, sijui nitawatazamaje wanangu. Usichapishe, nakuomba kwa undugu wetu. Niambie nifanye nini.

Wifi yako,
Mama Mapacha

11 Oktoba

Wifi, na wewe kaka, maana najua hatakuficha barua hii,

Nawasalimu wote. Natumaini mmelala.

Wifi, kuulizwa habari za nyumbani ukajibu si kosa. Kosa lako ni kufungua geti baada ya kuona rangi ya gari, na ninakuheshimu kwa kuwa umelitaja mwenyewe. Wala humalizi mtu kwa kusema kweli. Yeye ndiye aliyekuachia mzigo huu wiki zote hizi, ukimpigania mbele ya vipaza sauti, naye ameketi anajua.

Kaka, kila nilichokuwa nimeandika kuhusu wewe kilikuwa kidogo mno. Nilidhani unang’ang’ania kiti kwa sababu hukujua kilichotendwa kwa jina lako mpaka majirani waliposema. Kumbe ulijua siku ileile, ngozi yako ilijua. Na sasa dereva, aliyefanya alichoambiwa, ndiye afukuzwe ili wewe ubaki kuwatafutia watu kazi. Usiniambie habari ya waliotangulia. Hao sikula nao sahani moja nikiwa mtoto.

Makala yangu iko tayari mezani. Sitaitoa kabla ya Alhamisi, na msidhani ni huruma. Nataka mji usikie kwa mdomo wako, maana kwa kalamu yangu utakuwa umefichuliwa tu, hutakuwa umejiuzulu. Kuhusu nyumba, chumba cha nyuma nimekitoa vitabu. Vitanda viwili vinaenea, mapacha watalala na mimi. Nitawapigia kelele kila siku, lakini hamtalala nje.

Kwa hiyo, kaka: Alhamisi ingia barazani kabla dereva hajaitwa. Usisome hotuba. Sema ulichokiona kwenye moto, sema ulichokikuta bafuni, rudisha funguo za ofisi, na umwombee yule dereva arudishiwe gari lake.

Na wewe, wifi, kaa kiti cha nyuma yake. Akikwama, simama umalizie wewe.

Dada yako, na wifi yako,
Pilipili