Ile Shaba Uliyoisugua Kitale

Nyuma ya soko la Sirisia,
Bungoma.
19 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Wamalwa,

Kwanza aibu ikushike. Kitale iko wapi? Iko ng'ambo? Mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, yamevunwa, yako stoo, na wewe hujakanyaga hapa. Ningepiga simu, lakini simu zangu unazikata. Barua haikatiki.

Sasa nikusalimie. Kifua chako kinaendeleaje? Bado unakohoa asubuhi? Mke wako Nabwile na mtoto wanakula vizuri? Sisi tuko. Goti langu linalalamika kwenye baridi, lakini mdomo ni mzima. Kalamu ameshika dada yako Nelima, maana mimi darasa sikuliona. Nimemwambia asipunguze kitu.

Jambo lenyewe ni ile shaba.

Mwezi jana kompyuta ya Nelima ilianza kuzima yenyewe kwa joto. Akakutumia kwa gari kipoozeo chake, kile kipande cha shaba kinachoondoa joto, kwa sababu ati wewe ndiye fundi wa familia mwenye duka. Ukakirudisha na ujumbe kwamba umekisugua chini kwa msasa, sasa kitapoza kuliko kipya. Kung'aa kiling'aa, sikunyimi. Nelima aliona meno yake humo. Lakini kilipotoka kwenye gazeti nilitaka kutapika. Shaba nzima alama za vidole vya mafuta ya chipsi! Na pembeni ile dawa ya kupitisha joto imekauka kama kamasi ya mtoto, na unywele ndani. Nani alikulea hivyo? Si mimi.

Nelima akakipangusa, akakifunga. Mashine iliyokuwa ikivumilia saa nzima ikawa inazima kwa dakika kumi.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonichukiza ni ulichomwambia dada yako kwenye simu: mashine imezeeka, aiuze kwa kilo, afunge kibanda chake cha kuchapisha, aje Kitale aoshe vyombo kwa jirani yako. Mtoto aliyejifundisha kazi mwenyewe! Huoni haya? Na yeye akakusikia. Jumatano asubuhi nilikuta nguo zake zimekunjwa kwenye begi.

Siku hiyo hiyo Sellah, binti ya marehemu mzee Absalom, alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda akingoja vijitabu vya mazishi ya baba yake. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Unajua watu wetu. Ukiharibu kitabu cha mazishi mara moja, hakuna atakayekuletea maiti wake tena.

"Kukhu, bibi yangu, niambie ukweli," Sellah akasema. "Vitatoka, ama niende Malakisi? Baba hawezi kuningoja."

"Baba yako mwenyewe alichelewa kila mahali," nikamjibu. "Keti."

Akacheka machozi yakimtoka, akaketi.

Nikamwambia Nelima akifungue tena kile kipoozeo. Nikaweka ubavu wa rula kwenye ile shaba, nikaiinua kuelekea mlangoni. Mwanga ukapita pande zote mbili, katikati giza. Tumbo, Wamalwa! Shaba uliipa tumbo kama la chura. Kung'aa si kunyooka, bana. Nimeishi na seremala miaka arobaini, na babu yako Nehemiah hakuniruhusu kamwe kushika msasa kwa kiganja. Alisema kiganja kina tumbo, na kitazaa tumbo. Wewe ulishika kwa kiganja, jicho likiwa kwenye simu.

Nelima akanieleza kwamba prosesa, kile kichwa cha mashine kinachopata moto, lazima kigusane na shaba yote. Hiyo naijua. Sufuria yenye tumbo ukiiweka juu ya koili ya jiko la umeme, katikati chakula kinaungua, pembeni kibichi.

Tulihitaji kitu kilichonyooka kabisa. Meza zote za hapa zimepinda. Nikaingia nyumbani, nikatoa kioo kwenye picha ya harusi yetu. Nelima akashika mdomo, akakataa kukigusa. Nikamwambia huyu mzee alipenda kazi iliyonyooka kuliko alivyonipenda mimi, lete maji.

Tukalaza msasa juu ya kioo, tukaulowesha. Nelima akapaka shaba wino wa ile kalamu nene, ili tuone msasa unagusa wapi. Kusugua mara kumi tu, wino ukatoka katikati, pembeni umebaki vile vile. Hapo hata Sellah, asiyejua kompyuta, alikutukana. Tukaendelea polepole bila kukandamiza, tukiigeuza shaba robo mzunguko kila baada ya mara ishirini, msasa mkali kisha laini, mpaka wino ukawa unatoka kote kwa pamoja. Haikung'aa kama yako. Rula ikakaa bila mwanga kupita.

Nelima akaisafisha kwa spiriti, akaweka dawa mpya kama punje ya ndengu, akafunga. Mimi nikaketi na Sellah kwenye benchi, tumeshikana mikono kama wanaongoja daktari. Dakika kumi zikapita. Saa ikapita. Printa ikaanza kutapika mzee Absalom, mmoja baada ya mwingine, amevaa kofia. Vijitabu mia mbili, mashine haikuzima hata mara moja. Jumamosi watu watatu walimwuliza Nelima kibanda chake kiko wapi. Begi limerudi juu ya kabati.

Salimia Nabwile, mbusu mtoto, na mwambie mjomba wako Kizito kwamba dawa ya goti aliyonitumia ilifika. Mungu akuponye kifua, anyooshe na mikono yako. Nimekutumia wimbi la uji kwa gari hilo hilo, kwa sababu nikikasirika bado nakumbuka unakonda.

Ukija, usianzie kwangu. Pita kibandani kwa Nelima. Ukikuta wateja kwenye benchi, keti mwisho wa foleni kama wengine, na zamu yako ikifika, umwombe msamaha wakisikia.

Ni mimi ninayekupenda hata nikikuchukia,
Kukhu wako