Hatua ya Tatu ya Seiyunchin

Masukulu, Rungwe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, maana najua yeye ndiye anayekusomea, na namwomba asiruke mistari hata pale nitakapomkera. Mguu wa kushoto unaendeleaje? Umeanza kuukanyagia bila fimbo? Mama aliniambia kwenye simu kwamba tangu kile kiharusi unavuta zile pumzi nzito za zoezi la Sanchin kila asubuhi ukiwa umekaa kitandani, mpaka jirani akaja kuuliza kama unakata roho. Endelea tu. Muuguzi wako nimeruhusu.

Mimi ni mzima. Huku mvua inanyesha hata siku isiyo na sababu, na sare zangu za kazi nazikausha juu ya jiko la mkaa, kwa hiyo wagonjwa wamezoea muuguzi anayenuka moshi. Watu ni wema. Ndizi wanazoniletea zahanati sijui niziweke wapi tena.

Sasa baba, kaa vizuri. Nimempata Gaspari.

Najua uliniambia nimwache. Sikumwacha. Nilikuwa na miaka kumi na sita mwanafunzi wako huyo alipoondoka bila kuaga, akang'oa ukutani kile kitambaa alichokuandikia mwalimu wako kwa brashi, kisha akaenda kwa wakubwa wa karate mkoani kuwaambia kwamba wewe huna mwalimu, umejifunzia kwenye kanda za video. Wanafunzi wakapungua, wakapungua, ukalifunga lile ghala la katani tulilofanyia mazoezi na ufunguo ukautia kwenye kopo la misumari. Hukusema neno. Mimi niliyasema yote moyoni na sijaacha kuyasema mpaka leo.

Nimempata kupitia Atupele, mhudumu mwenzangu hapa zahanati, binti wa Masukulu hapahapa. Mchana mmoja wagonjwa walikuwa wameisha, akatoka uani kufanya mazoezi. Nilikuwa nakunja bandeji. Nikamwona anashuka miguu imepanuka, anakwenda mshazari kulia, halafu kushoto, halafu kulia tena, na hiyo ya tatu akaifupisha, akaburuta kisigino kukirudisha. Bandeji zilinidondoka.

Unajua mwenyewe nilichokiona. Hakuna mahali pengine duniani ule mfululizo wa karate, Seiyunchin, unapofanywa hivyo. Hatua ile tuliifupisha kwa sababu mbele yetu kulikuwa na nguzo ya ghala.

Nikamuuliza, "Hiyo hatua nani kakufundisha?"

"Sensei, mwalimu wetu wa Tukuyu mjini. Yule amesoma Okinawa miaka mitatu, dada. Anasema unafupisha kwa sababu adui ameshakuwa karibu. Ni siri ya Naha, mji wa kulekule, wengine hawaijui."

Nilicheka mpaka akanuna. Kisha nikamuuliza jina la huyo sensei, na aliponitajia sikucheka tena.

Baba, unakumbuka ulivyokuwa unatusimamisha kabla ya mazoezi na kutusomesha ukoo wa karate yetu? Kwamba mwalimu mmoja wa Naha alivuka maji akakaa China, Fuzhou, akarudi na mafundisho. Kwamba Sanchin ilikuwa ya viganja wazi, ikaja kufungwa ngumi kulekule Okinawa, na kwamba mwanafunzi wake ndiye aliyeubatiza mtindo Goju, ugumu na ulaini, akaongeza zoezi la Tensho la kwake mwenyewe. Kisha yule Mjapani mjenzi wa barabara aliyepiga kambi Kilosa akakufundisha wewe, na wewe sisi. Ulituambia wote hao walibadilisha vitu na hakuna ubaya, ila kila mmoja alisema wazi alichobadilisha na alikitoa kwa nani. Ndiyo maana mwanafunzi akifikia mkanda mweusi ulimtoa ghalani, ukampeleka kwenye uwanja wa kuanikia katani na kumwambia, "Huku hakuna nguzo. Maliza hatua." Gaspari alikimbia kabla ya siku yake. Hilo nililijua, na siku ile uani nikajua pia kwamba yeye hajui kuwa hatua ile haijakamilika.

Nilingoja siku ya mtihani wao wa mikanda. Nilingoja wiki tatu, na sikuwahi kulala vizuri hivyo tangu nije huku.

Mtihani ulikuwa kwenye ukumbi wa kukodi karibu na soko la Tukuyu. Wazazi walijaa na miavuli yao. Mama yake Atupele alikaa karibu nami, akaniambia kwa fahari, "Mwanangu anajua kalate kuliko wavulana." Ukutani kilikuwepo kitambaa chako. Gaspari amenenepa na kichwa kimeanza kung'aa. Alinitazama asinijue.

Wanafunzi kumi na wawili wakafanya Seiyunchin, na wote wakafupisha hatua ya tatu. Baba, nitasema ukweli, nilikukumbuka. Nguzo yako ilikuwa imesimama katikati ya Tukuyu na hakuna aliyeiona ila mimi. Lakini sikwenda kule kumwaga machozi.

Gaspari akawakaribisha wageni waulize maswali. Nikasimama, nikauliza habari ya ile hatua. Akaeleza siri ya Naha, vizuri sana, kwa mikono yote miwili. Nikamshukuru. Nikasema na mimi nilijifunza kidogo utotoni, kwa hiyo naomba sensei asimame pale mbele, awe adui, nione kama nimeelewa. Wazazi wakapiga makofi. Akaja akasimama palepale nilipomwonyesha, ambapo kwetu ingekuwa nguzo.

Nikavua viatu. Nikaenda kulia. Nikaenda kushoto. Kwenye ya tatu nilimwona anasubiri nifupishe, na uso wake ukaanza kunitambua, nadhani ni kwa namna ninavyoshuka, maana mama husema nashuka kama wewe. Nikamaliza hatua. Bega langu likamfika kifuani, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye kiti cha mtu.

Nguzo yetu haikusogea miaka yote. Yeye alisogea.

Ndipo nikawaeleza. Ghala la katani, nguzo, uwanja wa kuanikia, na mtu aliyeondoka kabla hajatolewa nje. Nikalitaja jina lako lote, Salehe, fundi mitambo, mwanafunzi wa yule Mjapani aliyekiandika kile kitambaa pale ukutani. Sikupaza sauti. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mama yake Atupele alisema, "Ndaga, asante mwanangu, umesema," akafungua mwavuli akatoka.

Gaspari alinifuata nje kwenye mvua. Akasema, "Mdogo wangu, Mwalimu yuko hai?" Nikasema yupo. Akasema siku ya kwanza kuulizwa kwa nini hatua ni fupi alikosa jibu, akaona aibu, akasema Okinawa, na tangu hapo ikabidi awe amefika Okinawa. Kisha akaniomba nimwonyeshe tena ile hatua, polepole. Alikuwa analia, au ni mvua. Nilikataa. Nilimwambia yuko mtu mmoja tu wa kumtoa ghalani, na mtu huyo kwa sasa anatembelea fimbo.

Sijamhurumia. Nilidhani ningemhurumia baadaye, nikangoja, huruma haikuja.

Atupele ndiye aliyeniumiza. Siku mbili hakunisemesha, ya tatu akaniambia, "Umemvua nguo yeye, na sisi kumi na wawili tulikuwa ndani ya nguo hiyohiyo." Jioni nikamwita uani nikampa hatua kamili, na nikamwambia imetoka kwa nani. Sasa anawafundisha wenzake wawili na anaanza kwa kukutaja. Anakusalimu sana.

Msalimie kaka, mwambie asinune kwamba nimemtangulia kumpata Gaspari. Msalimie shangazi wa Kimamba, na yule jirani aliyedhani unakata roho.

Gaspari amepanda basi la huko Kilosa leo asubuhi, kwa hiyo barua hii namtumia mama kwa picha kwenye simu, imtangulie. Kitambaa anacho, nimekiona kwenye begi, kimekunjwa vizuri. Atakuja mpaka mlangoni, na wewe nakujua, utasema karibu mwanangu kabla hajavua viatu. Nakuomba baba, ufunguo uko kwenye kopo la misumari. Mpeleke ghalani kwanza. Wewe kaa kwenye kiti, yeye afanye ile hatua fupi mbele ya nguzo mpaka jasho limtoke, na wewe usiseme kitu, kama ulivyonyamaza miaka ile yote. Kumtoa nje, mtoe kesho yake.

Ukimsamehe siku ileile nitajua, maana mama ataniambia.

Ni mimi binti yako,
Zainabu