Mpangaji Wangu wa Miaka Kumi na Tisa

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuyashinda.

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo atakayecheka mwandiko wangu achekee kwao.

Leo nimekaa na fomu ya pensheni ya Daudi. Daudi alitunza bustani za kaunsili ya mji hapa ughaibuni, Edmonton, mpaka magoti yakamkataa. Tulimzika miezi mitatu iliyopita. Zamani pensheni ilikuwa ya mke mwenye cheti tu. Siku hizi hata mliokaa pamoja bila ndoa mnapewa, bora mthibitishe. Vizuri sana. Aliyepanga hivyo ana akili kuliko kaka zangu, waliosema bila mahari hakuna mume.

Haya, thibitisha sasa.

Wanataka barua ya mtu wa nje aliyetujua kama mke na mume. Na mimi kwa kiburi changu, miaka kumi na tisa, kanisani nilimtambulisha Daudi kama mpangaji wangu. Mpangaji! Mtu aliyenikanda mgongo, aliyeninywesha uji nilipopasuliwa. Jumapili mimi mbele na akina mama, yeye benchi la nyuma karibu na mlango. Hakunung'unika hata siku moja.

Hilo linaniuma kuliko fomu.

Mchana nikaenda kwa Mama Kioko, mwenyekiti wetu wa akina mama. Sikuvua hata koti. Nikamwambia yote, nikangoja anifukuze.

Akacheka mpaka akashika meza.

"Wee Mama Mutua! Mpangaji gani anafumiwa sweta ya uzi mmoja na ya mwenye nyumba? Kanisa zima linajua. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

"Na mkanyamaza, wanafiki nyinyi!"

"Nani angekuambia? Na huo mdomo wako?"

Barua ameiandika hapo hapo, kurasa mbili, na habari ya sweta kaitia humo.

Nimerudi nyumbani. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika nilikuwa nani kwa marehemu. Tangu juzi nilipaacha wazi. Nimeandika kwa herufi kubwa: MWENZI WAKE. Mwandiko wa darasa la nne, lakini panasomeka.

Wakinipa, sawa. Wakininyima, watanisikia.

Lakini Daudi, wewe nilikunyima mwenyewe, na hapo hakuna fomu.

Jumapili nitavaa sweta yangu, ile ya kijani kama yako, nikae benchi la nyuma, karibu na mlango. Atakayeniuliza kwa nini, nitamwambia ni kiti cha mume wangu.