Gaudiosa na mzee juu ya mparachichi

Siti wee, mwenzetu Gaudiosa leo ametamani ardhi ipasuke immeze!

Si unajua alipewa kazi ya kuboresha yale masomo ya mtandaoni ya wauguzi? Alirekodi sauti nyumbani kwake Hamugembe. Leo tuko Muleba, ukumbi umejaa, somo la kuhudumia wazee linaonyeshwa ukutani. Sauti yake laiiini: "Mzee hakemewi. Huongozwa kwa upole."

Mara sauti ile ile: "TATA! NIMESEMA SHUKA KWENYE HUO MPARACHICHI!"

Huyo Tata ni baba mkwe wake, Siti! Miaka themanini, juu ya mti! Gaudiosa alisahau kuzima rekodi! Na mzee anasikika akijibu taratibu, "Nitashuka nikishiba."

Watu walicheka hadi machozi. Gaudiosa kajifunika kitenge usoni. Alijua kazi imeota mbawa, maana Sista Ephrasia, mkuu wa mafunzo, hakucheka hata kidogo.

"Ulimkemea baba mkwe?"

"Ndiyo, Sista."

"Akashuka?"

"Hapana, Sista. Alipanda tawi la juu zaidi."

"Sasa alishukaje?"

Gaudiosa, kwa sauti ya kunong'ona: "Nilimbembeleza. Kwa senene wa kukaanga."

Sista akatugeukia. "Mmesikia? Kipande hicho kisifutwe. Aongeze na cha senene."