Msuli wa Nyuma

Eldoret, 8 Septemba 2024

Dada Nelima,

Nakusalimu wewe na wote hapo Chwele. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia. Simu ilipasuka siku ile nilipoanguka kutoka juu ya lori, ndiyo maana nimempa dereva wa viazi barua hii.

Plasta imetolewa. Mfupa umeshika vizuri, lakini kiwiko kimekataa kunyooka. Mkono unabaki umekunjwa, na Ondiek, ninayebeba naye magunia hapa stoo, ananiita Birika. "Birika, tumiminie chai!" Nacheka naye, lakini msimamizi wetu Munene hana mchezo. Amesema mahindi mapya ya mashamba ya kule Soy yakianza kuingia, nitasukuma gunia juu ya rundo yeye akiangalia. Likinishinda, nirudi nyumbani. Na nyumbani nitafanya nini, Dada? Jembe nalo linataka mikono miwili.

Jepkemboi, msichana anayetufanyisha mazoezi hospitalini, aliniambia msuli wa nyuma umelala, niuamshe. Basi kila asubuhi nachuchumaa na kuinuka mpaka jasho litoke. Makalio yamekuwa magumu kama mawe. Mkono uko vilevile. Wewe unafundisha sayansi, niambie nimekosea wapi. Mama asijue.

Ndugu yako,
Wabuge

Chwele, 14 Septemba 2024

Mdogo wangu Wabuge,

Huku tuko salama. Mama anakohoa kidogo tu, anakusalimu, na hajui lolote. Pole sana kwa mkono. Lakini barua yako niliisomea katika ofisi ya walimu, nikacheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini.

Wewe! Msuli wa nyuma ni wa nyuma ya mkono! Makalio yanaingiaje hapo?

Sikiliza vile ninavyowaambia watoto wa darasa la tano. Msuli haujui kusukuma. Kazi yake ni moja, kujifupisha na kuvuta mfupa. Kwa hivyo mkono una misuli miwili mikubwa. Ule wa mbele ukivuta, kiwiko kinakunjika. Ule wa nyuma ukivuta, kinanyooka. Na mmoja ukivuta, mwingine sharti ulegee, la sivyo itashindana na mkono hautaenda popote. Ndani ya plasta mkono wako ulikaa umekunjwa, wa mbele ukazoea ufupi, wa nyuma ukasahau kazi.

Nunua mguu wa kuku, ule wanaouza wakikaanga kando ya barabara, lakini uwe mbichi. Pale ulipokatwa utaona kano, zile kamba nyeupe. Vuta ya nyuma, uone vidole vinafanya nini. Kisha vuta ya mbele. Halafu rudi kwa Jepkemboi akuonyeshe kwa mkono wake, si kwa mdomo.

Dada yako,
Nelima

Eldoret, 22 Septemba 2024

Dada,

Natumaini hii inakupata ukiwa na nguvu za kunicheka tena. Mguu wa kuku ulisimamisha kazi hapa. Nilipovuta kamba, vidole vilishika kidole cha Ondiek, akaruka. "Huyu kuku amekufa au hajafa?" Kila mtu akataka kuvuta.

Jepkemboi naye aliuliza, "Kwa nini hukuniuliza, Mzee?" Nikamwambia, ningemuulizaje binti wa watu habari za makalio yangu? Alikaa chini akicheka. Sasa nalala chali, nainua mkono, naunyoosha polepole kuelekea dari nikiwa na chupa ndogo ya maji. Unauma, lakini unaenda.

Jambo moja nakataa. Mimi husukuma mkokoteni mjini. Utasemaje misuli haisukumi?

Ndugu yako,
Wabuge

Chwele, 3 Novemba 2024

Wabuge,

Uko wapi? Sisi tuko wazima, ila mimi silali vizuri. Dereva anasema amepita stoo mara kadhaa na hakukuona. Umefukuzwa? Kama ni hivyo, njoo nyumbani, usione haya.

Kuhusu mkokoteni: ukisukuma, kiwiko kinanyooshwa na msuli wa nyuma ya mkono unaovuta. Goti linanyooshwa na msuli wa mbele ya paja unaovuta. Mkokoteni unasukumwa, lakini ndani yako yote ni kuvuta. Nijibu hata kwa kubisha.

Dada yako,
Nelima

Eldoret, 17 Novemba 2024

Dada Nelima,

Nisamehe, na umsalimie Mama sana. Sikufukuzwa. Munene alinipeleka mji wa Burnt Forest kuchambua viazi, kazi ya kukaa, kwa sababu hakutaka kunilisha bure. Jana mahindi ya Soy yaliingia, akaniita.

Nilipanda ubao na gunia begani, nikafika juu, nikaanza kusukuma. Kiwiko kikakwama. Munene akasema, "Nilijua." Nilikuwa nimekaza mkono wote kwa hofu, Dada, mbele na nyuma, ile misuli inavutana kama majirani kwenye mpaka wa shamba. Nikavuta pumzi, nikaulegeza ule wa mbele. Wa nyuma ukavuta. Gunia likateleza mahali pake, na watu wakapiga mbinja.

Munene alitazama kidogo, akasema, "Haya, shuka. Kuna lori lingine." Ndivyo anavyosema na kila mtu.

Tulishusha mpaka jioni. Leo ni Jumapili na hata kanisani nilishindwa kuinua mikono. Wa kulia unauma, wa kushoto unauma. Nimewauliza wenzangu, na wao yao inauma hivyohivyo.

Ndugu yako,
Wabuge